Mita 4 za ukuta: GPS ya mkononi inajua nini, na inaishia wapi

Baada ya kile kipindi chetu cha viwanja vya wazee, ujumbe mwingi ulikuja na swali lilelile kwa maneno tofauti: simu yangu ina GPS, binamu yangu Bongo ana kifaa cha GPS, sasa kwa nini tumlipe mpima ardhi? Jibu fupi nililisema hewani. Kifaa cha mkononi kitakufikisha kwenye kiwanja, lakini hakiwezi kukuambia ukuta upite wapi. Jibu refu ndilo hili, na nyumbani kwetu limetugharimu zaidi ya mwezi wa kelele za simu.

Baba alinunua kiwanja Kigamboni nikiwa bado mdogo. Mita 20 kwa 30, kimepimwa, kina ramani ya upimaji na bikoni zake, yaani zile nguzo fupi za zege zinazofukiwa kwenye pembe za kiwanja. Kwa miaka mingi hakuna aliyejenga, si sisi wala majirani. Mwaka jana jirani akaanza ukuta. Baba mdogo, ambaye ndiye anatuangalizia, akaazima kifaa cha GPS, akasimama kwenye pembe, akalinganisha namba na zile alizopewa, akapiga picha kioo na kuituma kwenye grupu la familia: ukuta umeingia kwetu mita 4.

Huku Reading baba hakulala. Piga hesabu mwenyewe: mita 4 kwa urefu wa mita 30 ni mita za mraba 120, na kiwanja chote ni 600. Moja ya tano. "Moja ya tano ya shifti zangu za usiku," baba alisema, na tayari alikuwa anatafuta wakili. Mama akanigeukia mimi: "Wewe si ndiye unayepanda milima na hicho kidude? Hebu mweleze baba yako."

Basi nikaeleza, na naeleza tena hapa.

Kitu cha kwanza ambacho wengi hawakijui: kifaa cha GPS hakiongei na setilaiti. Kinasikiliza tu, kama redio ya babu kibarazani. Ndiyo maana hakihitaji laini wala bando. Juu yetu, kama kilomita 20,200 kutoka ardhini, zinazunguka setilaiti za GPS za Marekani. Mpango wenyewe unahitaji 24, na siku hizi huwa zinazidi hapo. Kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku, imebeba saa za atomiki, na kazi yake ni kutangaza mambo mawili bila kuchoka: sasa hivi ni saa ngapi, na mimi niko wapi.

Unaijua hesabu ya radi? Unaona mwanga, unahesabu moja, mbili, tatu, ngurumo inafika. Radi imepiga kama kilomita moja kutoka ulipo, kwa sababu sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde. GPS ni hesabu hiyohiyo, ila badala ya sauti ni mawimbi ya redio, na hayo yanakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka setilaiti iliyo utosini mpaka kiganjani mwako ni sekunde 0.067 tu. Sasa ona ugumu wake: saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosea kwa mita 300.

Setilaiti ina saa ya atomiki. Kifaa chako kina saa ya bei rahisi, ndugu yake saa ya ukutani. Ndiyo maana kinahitaji setilaiti nne. Umbali wa kwanza unakuweka mahali fulani juu ya mpira mkubwa ambao setilaiti iko katikati yake. Umbali wa pili unaukata mpira huo, unabaki na duara. Wa tatu unakuachia nukta mbili, na moja kwa kawaida iko huko angani ambako hakuna mtu. Kwa hiyo tatu zingetosha kama saa yako ingekuwa sahihi. Haiko sahihi, na setilaiti ya nne inaletwa ili kifaa kikokotoe kosa la saa yake pamoja na mahali kilipo. (Kwa wapenzi wa Einstein: saa za huko juu zinakimbia kuliko za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Zisiporekebishwa, kosa lingekua kwa kama kilomita 10 kwa siku. Nadharia ile ya darasani iko mfukoni mwako.)

Zamani hata hivyo usingefika mbali. Mpaka mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa inavuruga kwa makusudi mawimbi yaliyoachiwa raia, na kosa la mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Walipozima uvurugaji huo, vifaa vya kila mtu vikawa bora usiku mmoja. Kama mzee wako ana daftari lenye namba za shamba alizosoma kwenye kifaa cha mkononi miaka ya 90, zichukue kama kumbukumbu ya familia.

Na leo je? Serikali ya Marekani yenyewe inasema simu yenye GPS, chini ya anga wazi, kwa kawaida inakosea ndani ya mita 4.9. Kifaa cha mkononi cha wapanda milima kiko karibu na hapo, pengine mita 3 hadi 5 kama hakuna kizuizi. Halafu kuna mambo yanayoharibu.

Moja ni anga lenyewe. Mawimbi yanapita kwenye tabaka la juu lenye chaji za umeme, ionosfia, na humo yanachelewa kidogo. Kifaa cha kawaida kinakadiria uchelewaji huo kwa kanuni ya jumla. Kwenye nchi za tropiki tabaka hilo lina vurugu zaidi kuliko huku Uingereza, hasa saa chache baada ya jua kuzama. Isitoshe, Ulaya kuna mfumo wa EGNOS na Marekani kuna WAAS, ambayo hutuma masahihisho kupitia setilaiti nyingine. Masahihisho hayo hayakupigiwa hesabu kwa ajili ya Kigamboni. Kwa hiyo kile kifaa ulichokisifu Ohio, ukishuka nacho uwanja wa ndege Dar, usikidai yaleyale.

Lingine ni mwangwi. Mawimbi yanagonga ukuta au bati kisha ndiyo yanafika kwenye antena, kifaa kinadhani yamesafiri mbali zaidi. Umeshawahi kusubiri teksi kati ya maghorofa ya Canary Wharf? Nukta yako kwenye simu inaruka upande wa pili wa barabara na wewe umesimama palepale. Ndiyo hiyo.

Basi nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Enhe, wakili anasemaje?"

"Bado. Ulipopiga ile picha ulisimama wapi hasa?"

"Palepale kwenye pembe, pembeni ya ukuta. Chini ya mwembe, jua lilikuwa kali."

"Na ulisubiri kwa muda gani?"

"Nimewasha, nimesoma, nimepiga picha. Kwani kinapikwa?"

Chini ya mti, kando ya ukuta wa tofali, dakika moja. Kwenye picha kifaa kiliandika ± mita 3, na baba alikuwa ameing'ang'ania hiyo: "Si kimesema chenyewe hakizidi tatu?" Hapana. Namba ile ni makadirio ya kifaa kuhusu nafsi yake, kwa kuangalia setilaiti inazoziona na zilivyojipanga. Haina habari na mwembe wala mwangwi wa ukuta. Wala haisemi "hakizidi". Inasema, kwa lugha ya kawaida, mara nyingi huwa hapahapa, ila mara nyingine nje.

Nikamwomba afanye jaribio. Asimame mahali palepale, siku tatu tofauti, saa tofauti, aache kifaa kimewashwa robo saa kabla ya kusoma. Siku ya kwanza ukuta ulikuwa umeingia kwetu mita 1. Siku ya pili ulikuwa umerudi kwa jirani mita 2. Siku ya tatu umeingia tena, mita 3. Ukuta wa tofali hautembei. Baba aliziangalia namba zile kwa muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ya chini kwamba wakili angezifanyia nini.

Tulidhani yameisha, kumbe bado. Binamu yangu mwingine, kwa nia njema kabisa, alichukua namba za bikoni kutoka kwenye ramani ya upimaji akaziingiza kwenye programu ya ramani kwenye simu. Alama ikaangukia kama mita 300 kaskazini ya kiwanja, tena magharibi kidogo, kwenye uwanja wa mpira wa watoto. Grupu likawaka moto: tumeuziwa hewa, ramani ni feki. Shangazi alilia.

Hilo halikuwa kosa la setilaiti wala la binamu. Namba za mahali hazina maana mpaka ujue zimehesabiwa kutoka wapi. Ramani nyingi za upimaji za Tanzania, kama ilivyo Kenya na Uganda, zimetumia msingi wa zamani unaoitwa Arc 1960. GPS inatumia msingi mwingine, WGS 84. Ni kama watu wawili wanaopima urefu wa chumba, mmoja akaanzia mlangoni, mwingine akaanzia barazani. Wote wako sahihi. Pale Dar, namba za Arc 1960 ukizisoma kana kwamba ni za WGS 84 zinakupeleka kwenye kosa la kama mita 300, karibu lote kuelekea kaskazini. Vifaa vingi vya mkononi vina Arc 1960 kwenye mipangilio yake, unachagua tu. Simu mara nyingi hazina, itabidi ubadilishe namba kwanza. Tulipobadilisha, alama ikarudi kiwanjani kwetu, na shangazi akaomba tufute ile sauti yake.

Mwishowe baba akakubali kulipia mpima aliyesajiliwa. Alikuja na vipokezi viwili. Kimoja akakisimamisha juu ya alama ya serikali ambayo mahali pake panajulikana, kingine akatembea nacho kiwanjani kwenye fimbo ndefu. Hapo ndipo siri ilipo. Vipokezi viwili vilivyo karibu vinaona karibu makosa yaleyale ya anga na ya setilaiti. Kile kilichosimama kinajua kiko wapi, kwa hiyo kinajua kimedanganywa kiasi gani, na kinamwambia mwenzake atoe kiasi hicho. Tena havitegemei ule ujumbe wa saa tu. Vinafuatilia wimbi lenyewe, ambalo urefu wake ni kama sentimita 19, mpaka kwenye vipande vyake. Matokeo ni kosa la sentimita 1 hadi 3.

Bikoni mbili alizikuta chini ya mchanga wa ujenzi, hazijaguswa. Upande wa nyuma ukuta uko kwenye mstari. Upande wa mbele umeingia kwetu sentimita 35. Si mita 4, wala si sifuri. Jirani alipoonyeshwa bikoni alikubali kuinyoosha ile nguzo ya mbele, mafundi wakamaliza kwa siku mbili. Ila yale aliyoyasema baba mdogo wakati wa mita 4 hayakunyooshwa na fundi yeyote. Mpaka leo wakikutana msikitini salamu ni ya shingo upande.

Simaanishi mtupe vifaa vyenu. Cha baba mdogo ndicho kilichomfikisha mpima karibu na bikoni, akajua pa kuanza kuchimba. Kwenye shamba pia kinafaa: ekari 10 zenye umbo la mraba zina upande wa kama mita 200, kwa hiyo kosa la mita 4 upande mmoja ni kama asilimia 2 ya eneo. Kwetu ilikuwa asilimia 20. Vifaa vipya vinavyosikiliza masafa mawili, L1 na L5, na setilaiti za Galileo na za wengine, vinakokotoa uchelewaji wa anga badala ya kukisia, na mwangwi hauvisumbui sana. Ni vizuri zaidi, kweli. Bado visimamishe ukuta? Mimi nisingethubutu.

Na mkitutumia koodineti za viwanja, nao ni wengi wiki hii, tafadhali andikeni na mtindo wake. Nyuzi 6, dakika 50, sekunde 30 si 6.5030. Ni 6.8417. Aliyeandika ya kwanza alikuwa anatuonyesha kiwanja kilichoko majini, kwenye mkondo kati ya Bagamoyo na Unguja. Mwingine alisahau alama ya kutoa mbele ya namba, ile inayoonyesha kusini ya ikweta, kiwanja chake cha Kigamboni kikahamia Ethiopia.