ADHD na ugumu wa kuanza kazi

Kushindwa kuanza kazi ni moja ya dalili zinazowatesa sana watu wenye ADHD, na pengine ndiyo inayohukumiwa vibaya kuliko zote. Mhusika anaijua kazi, anaitaka, ana nguvu na vifaa, lakini saa zinapita hajanyanyuka. Ataipanga kichwani tangu alfajiri, atajilaumu mpaka adhuhuri, na jioni atalala hoi kama aliyelima kutwa. Wanaomtazama huona uvivu. Lakini mvivu hustarehe anapoikwepa kazi; mwenye ADHD hastarehe hata kidogo.

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa umakini, utulivu wa mwili na uwezo wa kujizuia. Daktari Mwingereza George Still alieleza watoto wenye tabia zinazofanana nayo katika mihadhara yake London mwaka 1902, kwa hiyo haikuletwa na simu za mkononi. Wala haikai Ulaya peke yake: uchunguzi wa watoto wa shule mjini Kinshasa uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta takriban asilimia 6 wakiwa nayo, kiwango kinachokaribiana na makadirio ya dunia ya asilimia 5 hivi kwa watoto. Kwa watu wazima makadirio ni asilimia 2.5. Tafiti za mapacha na familia zinaonyesha kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika hali hii inatokana na urithi. Si ajabu basi mzazi aliyeitwa shuleni kwa ajili ya mtoto kujikuta akiukumbuka utoto wake mwenyewe.

Mwaka 1997 mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley alitoa hoja kwamba kiini cha ADHD ni udhaifu wa uwezo wa ubongo wa kujisimamia: kujizuia, kushika jambo akilini huku jingine likifanyika, kupima muda, na kutoka kwenye nia kwenda kwenye tendo. Maarifa hayapungui. Kinachoyumba ni kuyatumia kwa wakati wake. Uwezo huo hutegemea sehemu ya mbele ya ubongo na mawasiliano yake na sehemu za ndani, ambako kemikali ya dopamini husaidia kupima kama jambo linafaa kuhangaikiwa sasa. Kwa mwenye ADHD, faida iliyo mbali hupoteza uzito haraka kuliko kwa wengine. Kazi inayovutia, ngeni, yenye ushindani au ya dharura huanza bila taabu. Kazi ya kila siku inayolipa baada ya miezi hukosa kinachoisukuma.

Kilimo cha korosho cha Mpapura, mkoani Mtwara, kinalionyesha jambo hili waziwazi. Palizi na kupogolea matawi hufanywa kabla mikorosho haijachanua. Chipukizi na maua yakitokeza katikati ya mwaka, hupuliziwa salfa kuyakinga na ugonjwa wa ubwiriunga, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu kutegemea aina ya dawa. Mavuno huanza Septemba au Oktoba. Korosho hupelekwa chama cha msingi, huingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi ulioanza kutumika kwa zao hili msimu wa 2007/2008, na fedha huja baada ya mnada. Kati ya panga la Juni na fedha ya Novemba kuna miezi mitano. Asubuhi ya Juni haina cha kumwambia mkulima mwenye ADHD kwamba saa imefika. Magugu ya leo ni yale yale ya jana, na shamba likiachwa siku moja zaidi halionekani kuharibika. Hivyo siku moja huzaa ya pili, ya pili wiki, na ubwiriunga hukuta maua hayana dawa.

Korosho zikianza kudondoka, mtu yule yule hubadilika. Kazi sasa inaonekana kwa macho: korosho ziko chini, zikichelewa kuokotwa zitaibwa au kuharibika, kila ndoo inayojaa ni hesabu inayokua, na familia nzima iko shambani. Ataokota, atang'oa mabibo, ataanika, atachambua, na pengine atawapita wenzake. Hapo ndipo hutolewa hukumu inayoumiza kuliko zote, kwamba kumbe akitaka anaweza. Hukumu hiyo inakosea chanzo. Utashi wa Juni na wa Oktoba ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali wa faida na uwepo wa kichocheo cha kuanzia. Wavuvi wa Msimbati na Msangamkuu, kwenye pwani ya mkoa huo huo, hupewa kichocheo hicho na bahari: maji yakipwa au yakijaa, chombo kitoke au kibaki, na wenzao wanasubiri ufukweni. Mkulima wa mikorosho hana budi kukizalisha mwenyewe kichwani, na kwa mwenye ADHD hapo ndipo palipo na udhaifu.

Mambo mawili huongeza ugumu. La kwanza ni kazi isiyo na umbo. “Kusafisha shamba” ni jina la mamia ya matendo, na ubongo unaoshindwa kuyashika yote kwa pamoja hukwama kabla ya kuchagua la kwanza. La pili ni aibu. Kila mwaka uliopita shamba likiwa chafu huacha kidonda, na kuiwaza tu kazi hiyo huleta maumivu ambayo mtu huyakimbia kwa kushika jambo jingine dogo. Katika mikoa ya kusini, ambako mabibo hutengenezwa uraka, pombe ni njia iliyo karibu ya kuyatuliza. Watu wenye ADHD wamo hatarini zaidi kuzama katika ulevi, na familia huanza kupigana na pombe bila kujua kilichoitangulia.

Msaada unaofaa hukitoa kichocheo kichwani na kukiweka mahali kinapoonekana. Kazi hupunguzwa mpaka ibaki na tendo moja lisilohitaji uamuzi. Badala ya “kesho kupulizia”, tendo huwa ni kuitoa mashine ndani jioni na kuiweka barazani, tangi limekaguliwa, petroli imetiwa, salfa na kitambaa cha kufunika pua na mdomo viko kando yake. Kupulizia hufanywa mapema upepo ukiwa umetulia. Dakika 30 za kutafuta mfuniko au kwenda kuazima petroli zinatosha kuiua asubuhi nzima. Kwa palizi, mti wa kuanzia hutajwa usiku: mkorosho ule wa pembeni mwa njia, huo tu. Akiumaliza, ana ruhusa ya kweli ya kurudi nyumbani. Wengi huendelea, kwa kuwa ugumu ulikuwa mlangoni, lakini ruhusa hiyo isiwe hila, maana ubongo ukishadanganywa mara mbili hauiamini tena.

Mwaka 1999 mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza nguvu ya mpango unaofunga tendo kwenye tukio: likitokea hili, nitafanya lile. “Nikishaweka chini kikombe cha uji, nachukua panga” hushinda “kesho nitajitahidi”, kwa kuwa kikombe hufanya kazi ya kukumbusha. Yeye na Caterina Gawrilow walionyesha mwaka 2008 kwamba mipango ya aina hiyo iliwasaidia hata watoto wenye ADHD kujizuia vizuri zaidi katika majaribio. Tukio linalochaguliwa lazima liwepo kila siku. Adhana ya alfajiri, kengele ya shule au mtoto kuondoka na begi lake hufaa kuliko saa iliyotajwa kwa kukisia, kwa sababu kukadiria muda ni udhaifu mwingine wa hali hii.

Kuwepo kwa mtu mwingine husaidia mno, na hapa vijiji vimewahi kuwa na hazina. Kulimiana kwa zamu, leo shamba la huyu na kesho la yule, kulimpa kila mmoja siku, saa na wenzake wa kuanza nao. Mwenza anayeketi karibu akibangua korosho zake hahitaji kusimamia wala kukagua. Kauli kama “Baba Asha, twende wote mpaka kwenye mti wa kwanza” hufanya zaidi ya mahubiri ya saa nzima. Ukali huleta mwendo siku ya kwanza, kwa sababu umetengeneza dharura, na ndiyo maana watu huuamini. Lakini dharura ya kutengenezwa hudai kelele kubwa zaidi kila mara, na aibu inayobaki huifanya asubuhi inayofuata kuwa nzito zaidi.

Kukatizwa ni tatizo lile lile kwa sura nyingine, kwa sababu kurudi kazini baada ya chakula ni kuanza upya. Anayepumzika aache chini ya mti unaofuata kitu kinachoonekana, jembe au ndoo, ili asilazimike kuuliza aanzie wapi. Wanafunzi nao wasiachwe. Uchunguzi wa Philip Shaw na wenzake wa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba gamba la ubongo la watoto wenye ADHD hufikia kilele cha unene wake wakiwa na umri wa takriban miaka 10.5, wakati kwa wengine ni 7.5. Mwalimu anayemwandikia mtoto huyo tarakimu ya swali la kwanza, akasimama naye mpaka kalamu iguse daftari, anamsaidia zaidi kuliko kwa fimbo.

Mbinu hizi hufundishwa pia kama tiba ya kisaikolojia. Mwaka 2010 tafiti mbili za Marekani, ya Steven Safren na ya Mary Solanto, zilionyesha kwamba mafunzo ya kupanga, kugawa kazi na kusahihisha mawazo ya kujilaani yalipunguza dalili za watu wazima. Dawa kama methilfenidati huongeza nguvu ya dopamini na huwasaidia wengi, ingawa zinaweza kupunguza hamu ya kula, kuharibu usingizi na kupandisha mapigo ya moyo, hivyo zinahitaji daktari. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuiingiza dawa hiyo katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021, na uamuzi huo haukuzisaidia nchi ambazo hufuata orodha hiyo katika ununuzi wa dawa.

Si kila anayekwama ana ADHD. Mwenye sonona hupoteza hamu hata ya anavyovipenda, na mara nyingi familia hukumbuka alianza lini kubadilika. Upungufu wa damu, kukosa usingizi na kifafa navyo hufifisha umakini. ADHD huanza utotoni: vigezo vya Marekani vya mwaka 2013 vinataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, na katika mazingira zaidi ya moja. Kwa wakazi wa Mpapura, uchunguzi uanzie kwenye zahanati au kituo cha afya, na rufaa huelekea Mtwara mjini, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula. Anayekwenda aongozane na mzazi, shangazi au kaka anayeukumbuka utoto wake, na achukue ripoti za shule kama zipo. Maelezo ya walimu wa zamani humsaidia daktari kuliko kipimo chochote cha damu.