Pikapu ya Kupeleka Nyumbani: Petroli au Dizeli?

Mdogo wangu wa Njombe anahitaji pikapu ya kubebea viazi, nami niliye huku Leicester ndiye mnunuzi. Kabla ya bei nilimuuliza kazi: mzigo kiasi gani, njia gani, umbali gani?

Injini ya dizeli haitumii cheche za plagi. Hubana hewa hadi ipate joto la kuwasha mafuta. Ina nguvu hata kwenye mwendo mdogo, hupanda mlima na mzigo, na hula mafuta kidogo. Lakini pampu na nozeli zake ni ghali, na mafuta yenye maji au uchafu huziharibu.

Injini ya petroli ni nafuu kuitengeneza. Kwa mizigo midogo na safari fupi za mjini, inatosha.

Dizeli nyingi mpya za Ulaya zina chujio la masizi. Hilo hutaka safari ndefu ili lijisafishe, na dizeli yenye salfa kidogo.

Kwa milima ya Njombe tumechagua dizeli. Ndugu msomaji, kabla hujalipa, mpigie simu fundi wa nyumbani atakayeihudumia gari hiyo. Muulize anaiweza ipi, na vipuri vya ipi vinapatikana.