Mji Unaotangulia Mabomba Yake

Kutapanyika kwa mji ni hali ambayo makazi hupanuka kuelekea pembezoni kwa nyumba za chini zilizoachana, mbali na kazi na huduma, ilhali ukuaji wa busara, ambao wataalamu wengi wa mipangomiji huupendelea, huwaelekeza watu haohao kwenye maeneo ambayo tayari yana maji, barabara na usafiri wa umma. Nchini Marekani mtapanyiko uliletwa zaidi na gari binafsi, na jimbo la Oregon, kwa mfumo uliotokana na sheria ya mwaka 1973, huutaka kila mji ujichoree mpaka wa upanuzi wake.

Dar es Salaam, ambayo wakazi wake waliongezeka kutoka takriban milioni 2.5 mwaka 2002 hadi milioni 5.4 katika sensa ya 2022, imetapanyika kwa njia nyingine. Mwenye shamba hukata vipande na kuviuza kimoja kimoja, serikali ya mtaa ikishuhudia, mnunuzi hujenga kadiri anavyopata fedha, na mpimaji huja mwisho, mara nyingi kwa ajili ya urasimishaji, yaani kuyatambua kisheria makazi yaliyokwisha kusimama bila kuachiwa nafasi ya barabara. Kumlaumu mnunuzi huyo ni kukwepa suala, maana kiwanja kilichopimwa kwa bei anayoimudu ni adimu.

Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima ardhi Bunju, Kibada, Buyuni na kwingineko. Ulileta mpangilio, lakini kwa kuwa maeneo hayo yalikuwa pembezoni, uliusogeza mji nje zaidi. Ukubwa wa viwanja nao una gharama yake: kiwanja cha mraba chenye mita za mraba 1,600 kina upande wa mita 40, na chenye mita za mraba 400 kina upande wa mita 20, hivyo nyumba 100 zilizojipanga upande mmoja wa barabara huhitaji bomba la kilomita 4 katika hali ya kwanza na kilomita 2 katika ya pili.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, yalifungua nafasi ya kujenga ghorofa karibu na vituo. Hata hivyo Manzese, iliyo kando ya njia hiyo, ilikwisha kubanana kwa nyumba za chini zilizojaa wapangaji, na ghorofa zikijengwa hapo bila vyumba vya kodi nafuu, wapangaji hao watakwenda kununua kipande cha shamba pembezoni.