Je, Wajua? Nyumba Haianzi na Tofali

Anayetafuta chumba Dar es Salaam anaijua hesabu: kodi ya miezi sita mkononi, na ya mwezi mmoja kwa dalali. Lawama humwangukia mwenye nyumba. Je, mkono wa serikali uko wapi?

Kuvunja na kujenga palepale
Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mbichi. Miaka ile ya mwanzo lilibomoa nyumba za udongo na makuti likajenga za tofali. Nyingi zilisimama palepale zilipovunjwa za zamani, kwa hiyo mji ulipata kuta bora, lakini vyumba havikuongezeka sana.

Msajili wa Majumba
Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba. Wapangaji walipata mwenye nyumba mpya, ila vyumba vilibaki vilevile.

Kodi iliwahi kuwa na sheria yake
Sheria ya mwaka 1984 ilidhibiti kodi za pango na kuweka mabaraza ya kusikiliza mashauri ya nyumba. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano, na kwenye mapatano mwenye ufunguo ndiye mwenye sauti.

Mjenzi mkubwa ni mwananchi
Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973, ikafa mwaka 1995. Kwa wengi, benki ni mfukoni mwao. Mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, mwaka wa tatu kupaua. Familia inahamia madirisha yakiwa yamezibwa kwa bati, na chumba cha uani kinapangishwa ili kununua saruji ya plasta. Sehemu kubwa ya jiji imejengwa hivyo, bila kusubiri mpimaji.

Kenya inakata mshahara
Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Ili kujenga nyumba za bei nafuu, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema kumkata mwenye ajira rasmi peke yake ni ubaguzi. Machi 2024 ikaja sheria mpya: sasa hata wa jua kali, asiye na ajira rasmi, anatakiwa kuchangia.

Alishinda kesi, hakupata nyumba
Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua, katika kesi ya Irene Grootboom, kwamba mpango wa serikali wa makazi lazima umfikirie pia asiye na pa kulala kabisa. Hukumu hiyo inasomwa na wanasheria dunia nzima. Mama huyo alifariki mwaka 2008, akiwa bado anaishi kibandani.

Sinza na Manzese
Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ya Tanzania ilijaribu njia mbili jijini Dar es Salaam. Kule Sinza, ilipima viwanja kwanza, ikachonga barabara na kutandaza mabomba, kisha ikamwachia mwananchi ajenge mwenyewe. Kule Manzese, watu walikuwa wamekwisha kujenga, kwa hiyo huduma zilipenyezwa katikati ya nyumba. Miongo minne baadaye watafiti walilinganisha mitaa ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania. Mitaa iliyopimwa kabla ilikuwa na nyumba bora zaidi, ingawa serikali haikuwa imejenga nyumba zenyewe.

Kasoro ni moja: viwanja vilivyokusudiwa wenye kipato kidogo vingi viliishia kwa wenye nacho, na Sinza ya leo si mtaa wa mnyonge. Lakini choo kinapojaa Sinza, gari la maji taka linafika hadi mlangoni. Kwenye vichochoro vya Manzese linasimama barabarani, na vijana wanavuta mpira kupita uani kwa jirani, wakibisha hodi kila nyumba.