Mizani ya Kuupimia Mkongo wa Taifa

Tangu mwaka 2009, waya wa bahari wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam na Serikali ikaanza kuutandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwenda bara, maendeleo ya kazi hiyo aghalabu yamehesabiwa kwa kilomita. Nazo kilomita si haba: awamu za mwanzo zilifikia 7,560, na mkongo, ambao shirika la mawasiliano la TTCL limekabidhiwa amana ya kuuendesha, ukafika mipaka ya Rusumo, Kabanga, Mutukula, Namanga, Tunduma na Kasumulu, ambako majirani, hasa wasio na bahari, hupata njia ya kwenda ng'ambo. Sifa hiyo ni stahiki. Walakini urefu wa waya ni kipimo cha mkandarasi. Mtumiaji ana mizani yake.

Mkongo ulifungwa katika pete tatu, ya kaskazini, ya kusini na ya magharibi, kwa hekima iliyo bayana: katapila la barabara likikata waya upande mmoja, mawasiliano huzunguka upande wa pili, na mteja asihisi kitu. Lakini tawi linaloingia wilayani kwa njia moja halina kimbilio hilo, na likikatika, benki, hospitali na halmashauri hungoja fundi. Fundi huyo, akiwa kituoni, hupeleka mpigo wa nuru na kuupima muda wa mwangwi wake, ndipo ajue mkato uko kilomita ngapi. Kisha huenda akafukua, akaumenya waya, akausafisha kwa spiriti uzi wa kioo mwembamba kama unywele, akaukata sawasawa, akauyeyusha pamoja na mwenziwe kwa cheche ya umeme, na asiridhike mpaka upotevu wa nuru katika kiungo uwe sehemu ndogo tu ya desibeli. Uzi mmoja ni kazi ya dakika chache. Safari ya kufika penye mkato, hasa masika, ndiyo inayokula saa. Kwa hiyo muda baina ya kukatika na kurejea, kwa kila wilaya, hunena kweli zaidi kuliko ramani yoyote.

Hata pete zina mpaka wa nguvu zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, intaneti ya Tanzania ikadhoofu, na ikadhihirika kwamba uimara wa bara hautoshi madhali malango ya bahari ni machache.

Kisha lipo suala la mlangoni. Waya ukipita kando ya kijiji haukifai kitu kijiji hicho, kwani nuru haichotwi njiani popote mtu apendapo: pahitajika kituo, mitambo, umeme wa uhakika na tawi la kufikia shule na zahanati. Kampuni za simu za mkononi hukodi njia katika mkongo, na mwanakijiji hunufaika kwa mnara wao. Ila mnara mmoja hugawiwa watu wengi, na bando lina bei yake.

Kwa insafu, mjenzi wa uti wa mgongo amefanya kazi kubwa, na kazi ya matawi ingali nyuma. Naiomba TTCL, ambayo ni mali ya umma, itangaze kila robo mwaka, wilaya kwa wilaya, idadi ya nyumba, shule na zahanati zilizounganishwa, pamoja na saa ambazo mawasiliano yalikatika.