Darubini: Namba Kubwa Kwenye Boksi Isikushawishi

Mlaji anayenunua darubini Bukoba au Muleba na kuvuka nayo hadi Goziba hawezi kuirudisha dukani kesho yake. Nauli ya boti na muda wa safari vinamzuia. Kwa hiyo tunashauri hesabu ifanyike dukani, kabla ya kulipa.

Namba inayovutia zaidi kwenye boksi ni ya ukuzaji, yaani mara ngapi kitu kitaonekana kikubwa kuliko kwa macho matupu. Boksi likidai "mara 525", soma maandishi yaliyo kwenye bomba la darubini yenyewe. Tuseme ni D=60, F=700. D ni kipenyo cha lenzi ya mbele, F ni urefu wake wa fokasi, vyote kwa milimita. Gawanya F kwa fokasi ya lenzi ya jichoni: lenzi ya milimita 20 hukuza mara 35, ya milimita 4 mara 175. Ongeza kipande cha kuzidisha mara tatu, umefika 525. Hesabu haina kosa, lakini mwanga ulioingia ni uleule, umetandazwa tu juu ya picha kubwa zaidi, nayo hufifia na kuwa na ukungu. Kwa kawaida ukuzaji wenye manufaa hauzidi D mara mbili. Hapa ni 120. Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610 kwa darubini iliyokuza mara 20 hivi.

Anayetaka kutazama mitumbwi ajue pia kwamba darubini nyingi za nyota huonesha vitu vikiwa vimepinduka. Kwa kazi ya ziwani sisi tungechagua darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50: hukuza mara 7, na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 50. Ya mara 20 hukuza pia mtikisiko wa mkono na wa wimbi, hata mtumbwi usitulie machoni. Aidha, ya 7x50 hupitisha mwanga mwingi, jambo linalofaa magharibi.

Kamwe usiielekeze kwenye jua, hupofusha.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Dai risiti inayotaja aina ya darubini, na usitupe boksi: namba iliyochapishwa juu yake ni ushahidi wako ukilalamika.