The Cure: Bendi ya huzuni iliyozeeka pamoja na wapenzi wake

Mtoto wa kiume huambiwa mapema kwamba mwanamume halii. Akianguka akachubuka goti, akipigwa na wenzake, hata akifiwa, neno ni lile lile: jikaze. Wengi wetu tulidhani hayo ni mafunzo ya huku kwetu tu. Kumbe kule Uingereza nako vijana walilelewa hivyo hivyo, na mwaka wa 1979 bendi moja changa kutoka mji wa Crawley, kusini mwa London, ilitoa wimbo unaoitwa "Boys Don't Cry", yaani wavulana hawalii. Ulikuwa wimbo wa kijana aliyeachwa na mpenzi wake, naye anajichekesha ili watu wasimwone akitokwa na machozi.

Ulipotoka haukuvuma sana. Lakini miaka zaidi ya 40 baadaye, kila bendi hiyo ilipoupiga mwisho wa onyesho, umati mzima uliuimba kwa sauti moja, na si haba waliokuwa wanaume wenye mvi kichwani na wajukuu nyumbani.

Bendi hiyo ni The Cure, jina ambalo maana yake ni tiba. Msomaji atauliza, tiba gani hiyo ya watu wanaovaa nguo nyeusi kuanzia utosini hadi kwenye viatu, wakapaka wanja, wakauza sura za msiba kila wendako? Swali ni la haki. Kwa mzazi ambaye binti yake amerudi nyumbani na kucha nyeusi na kujifungia chumbani na muziki wa aina hii, ni swali zito kabisa.

VIJANA WA CRAWLEY
Robert Smith, mwimbaji na mpiga gitaa wao, alizaliwa mwaka wa 1959. Yeye ndiye mtu wa pekee ambaye amekuwa ndani ya bendi hiyo tangu mwanzo bila kutoka. Ndiye yule wa nywele zilizotimka kama kiota cha kunguru, macho yaliyojaa wanja, na rangi nyekundu ya midomo iliyopakwa ovyo kana kwamba alijipodoa gizani. Ameendelea na sura hiyo hata baada ya kupita miaka 60, na mashabiki wangeudhika sana lau angejisafisha.

Yeye na wenzake wa shule walianza kupiga muziki mwaka wa 1976, wakabadili jina mara mbili tatu, na kufikia 1978 wakawa The Cure. Wimbo wao wa kwanza kabisa uliwaletea taabu ya muda mrefu. Smith aliutunga baada ya kusoma riwaya ya Mfaransa Albert Camus, ambamo mtu mmoja anamuua Mwarabu ufuoni bila sababu ya maana, na jina la wimbo likatokana na kisa hicho. Wabaguzi wa rangi wakaupenda kwa sababu wasizostahili. Mwaka wa 1986 nyimbo zao zilipokusanywa katika santuri moja, nakala zilizouzwa Marekani zilibandikwa karatasi ya kuwakana watu hao. Baadaye Smith aliyabadilisha maneno alipouimba jukwaani.

Kati ya 1980 na 1982 bendi ilitoa albamu tatu zilizokuwa nyeusi kuliko usiku wa mwezi mchanga: "Seventeen Seconds", "Faith" na "Pornography". Hii ya tatu, licha ya jina lake, haina uchafu unaodhaniwa. Ni kilio cha watu waliochoka na kulewa kupita kiasi. Katika ziara ya kuitangaza, Smith na mpiga gitaa la besi, Simon Gallup, walikunjana mashati huko Strasbourg, Ufaransa, na Gallup akaondoka. Alirudi miaka michache baadaye, na mwaka wa 2021 akatangaza tena kwamba amejitoa. Mashabiki walishika vichwa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi. Wawili hawa ni kama mke na mume ambao majirani wamezoea kusikia sahani zikivunjika.

NGUO NYEUSI
Ni albamu hizo tatu zilizoifanya The Cure ihesabiwe miongoni mwa mababu wa roki ya gothi, pamoja na Siouxsie and the Banshees, ambao Smith aliwahi kuwapigia gitaa, na Bauhaus. Smith mwenyewe amelikataa jina hilo mara nyingi. Husema bendi yake hupiga inachotaka, na kweli zipo nyimbo zao za kuchezwa harusini. Lakini mtoto hajichagulii jina, na mashabiki wamekwisha kuamua.

Julai 1982 klabu iliyoitwa Batcave ilifunguliwa mtaa wa Soho jijini London, na vijana wa aina hii wakapata pa kukutana. Huko Leipzig, Ujerumani, wamekuwa wakifanya mkutano wao mkubwa tangu 1992, wakati wa Pentekoste, na hufika watu wapatao 20,000. Katika mji wa Whitby, pwani ya Uingereza, wamekuwa na tamasha lao tangu 1994. Walichagua Whitby kwa sababu ndipo Dracula anapoteremka kutoka melini katika riwaya ya Bram Stoker. Wenye mikahawa wa mji huo mdogo wamekwisha kuzoea kumwuzia chai na keki bibi mwenye gauni la mazishi na mwavuli wa lesi, na pesa zake hawazikatai.

Anayetafuta ushetani huko atachoka bure. Wengi ni walimu, wauguzi, makarani na wanafunzi, watu wapole wanaopenda vitabu na mashairi. Hatari kubwa imekuwa ikiwajia wao kutoka kwa wengine. Mwaka wa 2007, katika bustani ya mji wa Bacup, kaskazini mwa Uingereza, msichana wa miaka 20 na mpenzi wake walishambuliwa na kundi la vijana kwa sababu ya mavazi yao tu. Mvulana alinusurika. Msichana alikaa hospitalini siku 13 bila fahamu, akafa. Mwaka wa 2013 polisi wa Manchester na viunga vyake walianza kuorodhesha mashambulio ya namna hiyo pamoja na yale ya chuki ya rangi na dini. Mzazi anayegombana na mwanawe juu ya kucha nyeusi na akikumbuke pia kisa hicho.

Kuhusu muziki wenyewe, asiyeuzoea hushangaa jinsi unavyochukua muda. Gitaa la besi la Gallup hutangulia na kuzunguka pale pale kama mtu anayetembea ua mzima kwa mawazo. Kinanda kinafuata, kisha gitaa, na mwimbaji hana haraka. Katika wimbo "Alone", ulio wa kwanza kwenye albamu yao ya 2024, dakika tatu zinapita kabla Smith hajafungua mdomo. Ule wa mwisho, "Endsong", unazidi dakika 10, na yeye anaanza kuimba baada ya dakika ya sita! Redio nyingi zingekuwa zimekwisha kutia tangazo la sabuni. Kwa wapenzi wao, hapo ndipo penye utamu. Mtu mwenye huzuni hapendi kuharakishwa, na nyimbo hizi hukaa naye kwanza, kama jirani anayekuja matangani akaketi kimya mkekani kabla ya kusema pole.

ALBAMU YA MIAKA 30
Albamu ambayo mashabiki wengi huiweka juu ya zote ni "Disintegration" ya 1989. Smith alikuwa anakaribia kutimiza miaka 30 na aliingiwa na hofu kwamba ujana umekwisha naye hajatunga kitu cha kudumu. Wenye kampuni ya santuri waliposikia alichotengeneza walitikisa vichwa. Walitaka nyimbo za kuchezeka, yeye akawaletea saa nzima ya mvua. Iliuzwa mamilioni ya nakala.

Ndani yake umo wimbo mfupi, "Lovesong", ambao Smith alimtungia mkewe Mary kama zawadi ya arusi. Walifahamiana shuleni wakiwa vijana wadogo, wakaoana Agosti 1988, na mpaka leo ni mume na mke, jambo ambalo katika ulimwengu wa roki ni la kutolea sadaka. Zawadi hiyo ya nyumbani ilipanda hadi nambari mbili kwenye orodha ya nyimbo zinazopendwa Marekani, mahali ambapo bendi hiyo haikuwahi kufika kabla wala haijafika tena.

Albamu hiyo ilikuwa na machungu yake pia. Lol Tolhurst, rafiki wa Smith tangu utotoni na mmoja wa waanzilishi, alikuwa amezama katika pombe na akafukuzwa. Alikwenda mahakamani kudai haki zake, akashindwa mwaka wa 1994. Wengine wangekufa maadui. Tolhurst aliacha pombe, wakapatana, na mwaka wa 2011 alipanda jukwaani Sydney, Australia, akapiga nao nyimbo za zamani.

TIKETI YA DOLA 20
Mapenzi ya mashabiki ni rahisi kuyageuza biashara, na wanamuziki wengi wakongwe wamefanya hivyo bila haya. Hapa ndipo The Cure walipojitenga na wenzao. Walipopanga ziara ya Amerika Kaskazini mwaka wa 2023, walikataa ule mtindo wa kupandisha bei kadiri wanunuzi wanavyoongezeka. Baadhi ya tiketi zilianzia dola 20, na fulana zikauzwa dola 25 wakati wengine walikuwa wakidai karibu mara mbili.

Tiketi zilipoanza kuuzwa, mashabiki walionyesha risiti zao. Mmoja alikuwa amenunua tiketi nne za dola 20, yaani dola 80, lakini ada za kampuni ya Ticketmaster zilipita dola 90. Ada zimeshinda tiketi zenyewe! Smith, ambaye huandika kila kitu kwa herufi kubwa kama mtu anayepiga kelele sokoni, alisema hadharani kwamba jambo hilo limemchefua, akaitaka kampuni ijieleze. Muda si mrefu baadaye ilikubali kuwarudishia waliokuwa wamenunua tiketi za bei ya chini dola 10 kwa kila tiketi, na wengine dola 5. Kisha zikafutwa tiketi zipatazo 7,000 zilizokuwa mikononi mwa walanguzi.

Dola 10 si utajiri. Lakini kwa baba aliyetaka kumpeleka mwanawe akaione bendi aliyoipenda yeye mwenyewe akiwa shuleni, kulikuwa na tofauti ya kwenda na kutokwenda. Na waliokwenda hawakupunjwa muda. Maonyesho ya The Cure huchukua karibu saa tatu. Tarehe 21 Aprili 2013, siku Smith alipotimiza miaka 54, walipiga nyimbo 50 mjini Mexico City kwa zaidi ya saa nne.

Uaminifu huo uliwahi kujaribiwa upande wa pili. Baada ya albamu yao ya 2008 mashabiki walingoja, na walingoja. Mwaka wa 2019 Smith aliahidi nyingine ingetoka kabla ya mwaka kwisha, lakini haikutoka. Katika miaka hiyo alikuwa amefiwa na mama yake, baba yake na kaka yake Richard. Wimbo aliomtungia kaka huyo, "I Can Never Say Goodbye", aliuimba mara ya kwanza mbele ya watu huko Krakow, Poland, Oktoba 2022. Sauti ilimkatika. Yule aliyewaimbia vijana mwaka wa 1979 kwamba wavulana hawalii alikuwa akilia mbele ya maelfu, na hakuna aliyemwambia jikaze.

"Songs of a Lost World" ilitoka hatimaye tarehe 1 Novemba 2024, miaka 16 baada ya ile iliyotangulia, ikashika nafasi ya kwanza Uingereza. Hawakuwa wamefika hapo tangu albamu ya "Wish" ya 1992. Usiku huo huo waliipiga yote katika ukumbi wa Troxy, mashariki mwa London, wenye nafasi ya watu wapatao 3,000, na kwa wale waliokosa nafasi, onyesho likarushwa bure kwenye intaneti. Nyimbo zilikuwa 31.

Aliyekuwa akipiga gitaa na kinanda pembeni usiku huo ni Perry Bamonte. Alianza kazi na bendi hiyo mwaka wa 1984 kama mtumishi wa kuangalia vyombo, akabeba masanduku na kurekebisha nyuzi za wengine kwa miaka kadhaa, hadi 1990 alipofanywa mwanamuziki kamili. Aliachishwa mwaka wa 2005, akaitwa tena 2022, na katika kipindi hicho cha pili akapanda jukwaani mara 90. Onyesho la Troxy lilikuwa lake la mwisho. Alifariki nyumbani kwake wakati wa Krismasi ya 2025 baada ya kuugua kwa muda mfupi, akiwa na miaka 65.